Nkambo Stanislas na Kichuguu Chetu

Jumapili, 29 Juni

Naanza kuandika kwa sababu ya mtoto wa darasa langu la nne. Wiki iliyopita niliwapa wanafunzi insha ya mwisho wa mwaka: mtu gani ungependa akushauri maisha yako yote, awe hai, awe marehemu, awe mbali? Walinipa maaskofu wawili, wachezaji wa mpira kumi na wanane, na shangazi mmoja anayekaanga maandazi. Kisha Plamedie wa dawati la mbele, ambaye haogopi mtu, akaniuliza, "Na weye, Madame? Wa kwako ni nani?"

Nilimwambia afunge daftari lake. Mwalimu akikosa jibu hukumbuka nidhamu.

Swali limenifuata mpaka nyumbani, na limenikuta nikiwa na kazi kubwa kuliko mimi. Papa Ruffin, mwenye nyumba tunamopanga hapa Kikula, ametuambia kwa adabu zake zote kwamba mwanawe anaoa na atavihitaji vyumba vyetu viwili mwisho wa Oktoba. Mimi na Mama tuna kiwanja. Kwenye kiwanja kuna msingi wa mawe tuliouweka mwaka jana, na kichuguu kinachopita urefu wa paa la jirani. Basi. Mama, ambaye huuza samaki wakavu sokoni, alikinunua wenzake wakimcheka. Aliwajibu, "Nyumba iko mule ndani." Hakukosea, maana huku kwetu udongo wa kichuguu ndio udongo wa matofali. Ila nyumba haitatoka mle kwa miguu yake.

Kwa hiyo leo baada ya misa nimechagua washauri watatu. Wa kwanza ni Nkambo Stanislas, babu yangu, baba yake Mama. Alikuwa mwashi. Alikufa kabla sijazaliwa, lakini nimelelewa na maneno yake. Nikila mbiombio, "Nkambo wako alisemaka..." Nikililia viatu, "Nkambo wako alisemaka..." Neno lake kubwa ni hili: mtu wa haraka hujenga mara mbili. Wa pili ni Monsieur Déogratias aliyenifundisha fizikia sekondari, mtu ambaye hakuamini kitu mpaka akipime. Wa tatu ni Maman Orpa wa redio, ile sauti ya saa kumi na mbili asubuhi inayowaambia wanawake wa mji wetu wa Likasi, "Mama, simama!" Sijawahi kumwona. Kwa sauti namkisia mnene.

Sasa nina baraza. Nikikwama nitawauliza humu humu daftarini, na hakuna atakayetaka chai.

Alhamisi, 3 Julai

Shule imefungwa. Mfyatua matofali ameanza kazi. Anaitwa Gauthier, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye baiskeli isiyo na breki na koti la baridi ambalo halivui mpaka saa nne. Mdomo wake mchafu na mchana hutoroka kwenda kucheza dama. Simpendi sana. Alikata kipande cha kichuguu, akakisugua vidoleni.

"Madame, hii ni ya zamani sana. Iko na mafuta. Utajenga mpaka utachoka."

Alipofyatua matofali matatu ya kwanza, nikachukua msumari nikaandika juu yake: S, D, O.

"Hao ni nani?"

"Washauri wangu."

"Banakulaka?"

"Hawali."

"Basi ni bantu bazuri."

Jumamosi, 12 Julai

Baridi ya kukata masikio. Kichuguu kimepungua bega moja.

Jumapili, 20 Julai

Nimegombana na Gauthier. Anataka matofali mabichi yafunikwe majani makavu. Majani! Wiki nzima nimeona majirani wakifunika hivyo na nimeona mbuzi wakiyala. Mimi nimenunua bâche, turubai la plastiki, la buluu, safi. Nililiuliza baraza. Monsieur Déogratias alisema: jua kali hupasua tofali, plastiki huzuia jua, hoja imekwisha. Nkambo Stanislas hakusema kitu.

"Madame, tofari inapumuaka," alisema Gauthier.

"Tofali ni udongo, Papa Gauthier."

"Weye ni udongo pia. Hukusoma Biblia?"

Nimefunika kwa bâche. Mwenye kiwanja ni mimi.

Jioni Mama alisimulia jinsi Nkambo alivyoendesha treni mpaka Kamina bila kuchelewa hata siku moja. Nikamwambia, "Maman, si alikuwa mwashi?"

"Alikuwa yote mbili," akasema, akaendelea kuchagua mawe kwenye mchele.

Jumanne, 29 Julai

Upepo. Nimefua shuka mara mbili na bado ni jekundu.

Alhamisi, 14 Agosti

Matofali yanatosha kwa tanuri la kwanza. Gauthier anataka tungoje wiki mbili zaidi yakauke. Lakini wiki mbili zikiisha nitakuwa mbele ya watoto hamsini na wawili, na nani atasimamia moto? Maman Orpa asubuhi ya leo: "Anayengoja siku nzuri atazeeka pa mulango. Simama!" Aliniangalia mimi, naapa, kupitia redio.

Mama aliposikia kwamba tunawasha Jumamosi akaweka kijiko chini. "Numbi, nkambo wako alisemaka mutu wa haraka anajengaka mara mbili."

"Nkambo hakuwa na shule inayofunguliwa tarehe moja Septemba."

Mama akakiokota kijiko, akaendelea kukoroga. Gauthier ameanza kupanga tanuri bila kuimba, na huyu ni mtu anayeimba hata akijikata.

Jumatano, 20 Agosti

Niandike yote, ili nisije nikajidanganya baadaye.

Moto uliwashwa Jumamosi. Tanuri ni matofali mabichi yaliyopangwa kama nyumba isiyo na vyumba, limepakwa udongo nje, na chini lina midomo miwili ya kuingizia kuni. Saa za mwanzo lilitoa mvuke mweupe mwingi. Nilifurahi, nikafikiri ndivyo linavyopaswa. Gauthier alikaa kwenye baiskeli yake akiangalia huo mvuke kama mtu anayeangalia mgonjwa. Kisha tukaanza kusikia sauti ndani, pa, pa, pa.

"Ni nini?" nikauliza.

"Ni mayi inatafuta mulango," akasema.

Leo tumelifungua. Yale ya pembeni ni mazima. Ya katikati, yote niliyoyaweka chini ya bâche yangu ya buluu, yamepasuka, mengine yamekuwa makombo. Plastiki ilizuia jua, ndiyo, lakini iliyafungia na maji yao, na mimi nikayatia motoni yakiwa mabichi tumboni. Tofali la D nimeliona, limegawanyika vipande vitatu. La O sijui lilikokwenda. Zaidi ya nusu ya kazi ya Julai imeharibika, na ni mimi niliyeiharibu, si Gauthier wala si mvua.

Nilikaa juu ya vile vipande nikalia mbele ya majirani. Mama akaja kutoka sokoni na beseni lake, akatazama, akatua beseni. Nilingoja aseme "nkambo wako alisemaka". Yeye akaanza kuokota matofali mazima, moja moja, akiyapanga kando.

Ijumaa, 22 Agosti

Gauthier amenionyesha kitu. Nyuma ya kichuguu, upande nisiofika kwa sababu ya nyuki, kuna rundo lililofunikwa majani. Tangu Julai alikuwa akipunguza matofali kutoka bâche yangu na kuyahamishia huko, kidogo kidogo, nikienda kuchota maji. Mamia ya matofali, makavu mpaka moyoni. La juu kabisa lina herufi S.

"Papa Gauthier, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulinijibu tofari ni udongo."

Nilimpikia bukari, ugali wetu wa huku, na samaki na nikampa kipande cha kichwa, anachokipenda. Tangu leo namwita Papa kwa moyo, si kwa mdomo tu.

Nimepunguza baraza. Monsieur Déogratias namheshimu bado. Kosa si lake, nilimwuliza swali nusu. Maman Orpa aendelee kusimamisha wengine. Nimebaki na Nkambo Stanislas, ambaye alisema kweli tangu mwanzo.

Jumatatu, 1 Septemba

Shule. Watoto hamsini na wanne. Kofia tatu zimepotea kabla ya saa nne.

Jumamosi, 13 Septemba

Tunafyatua tena. Nusu ya pili ya kichuguu ni nyekundu zaidi. Kila siku nikitoka shule nabeba majani kichwani, na mbuzi wa jirani wananifuata kama nimewaalika harusini. Jua la Septemba limekuwa kali, matofali yanakauka haraka. Kila Jumamosi Papa Gauthier analivunja moja na kunionyesha katikati. "Bado," anasema. Nami nasema, "Bado." Naanza kulipenda neno hili.

Jumamosi, 27 Septemba

Papa Gauthier alivunja moja, katikati pakavu. Tumewasha. Mvuke kidogo tu, kisha moshi, kisha hakuna hata mlio mmoja. Papa Gauthier ameimba asubuhi yote, nyimbo ambazo siwezi kuziandika humu.

Jumatano, 1 Oktoba

Midomo ya tanuri ilizibwa Jumatatu kwa udongo. Sasa ni kungoja lipoe. Mama amerudia neno la Nkambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu utoto: tanuri hufunguliwa siku unayoweza kulaza shavu juu yake na usisikie kitu. Si mkono. Mkono wa mwashi ni mgumu, hudanganya. Shavu.

Mawingu leo, upande wa Kamatanda. Mapema mno.

Jumamosi, 4 Oktoba

Tantine Kabedi amekuja kututembelea kutoka Kamatanda. Ni binamu mkubwa wa Mama, walilelewa uwanja mmoja. Mama alikuwa sokoni, kwa hiyo nikampeleka mimi kuona kiwanja. Mawingu yalikuwa mazito na upepo wenye vumbi umeanza. Nilimweleza kwamba roho yangu inataka kulifungua tanuri leo leo, tuyaokoe matofali, lakini nangoja kwa sababu ya shavu la Nkambo Stanislas.

"Nkambo gani?"

"Stanislas. Baba yake Mama. Mwashi."

Tantine alicheka mpaka akashika kiuno. "Stanislas? Mwashi? Ule hakupangaka hata matofari mbili! Alikuwa anauzishaka bilauri pa gare ya treni. Kiisha akaenda Kolwezi, Clémentine, mama yako, iko na miaka ine. Hatukumuona tena."

"Lakini alisema..."

"Hakusemaka kitu, mutoto wangu. Hakukuwa wa kusema."

Alipoona uso wangu akaacha kucheka. Akaniambia Mama hununa akiulizwa mambo hayo, kwa hiyo nisiulize. Nimerudi nyumbani sijala.

Nimekasirika. Kwa miezi mitatu nimekuwa nikiomba ushauri kwa muuza bilauri aliyemkimbia mtoto. Miaka thelathini na moja, nikihesabu vizuri. Na nyumba yetu yote sasa iko ndani ya tanuri lile, na kinachonizuia kulifungua ni neno la mtu ambaye hakuwahi kulisema. Nani atanijibu sasa?

Jumapili, 5 Oktoba

Baada ya misa sikuweza kulificha tena. Nilimkuta Mama kiwanjani, amesimama karibu na tanuri, ameinama kidogo. Alikuwa amelaza shavu kwenye ukuta wake.

"Bado iko moto," akasema.

"Maman, Nkambo Stanislas alikuwa anauza bilauri."

Hakuliondoa shavu mara moja. Ngurumo ilipita mbali. Kisha akakaa kwenye lile rundo la vipande vya Agosti, akakunja kitenge chake vizuri kama anayeanza maombi.

"Kabedi iko na mudomo," akasema.

Nikakaa karibu yake. Alinieleza bila kuniangalia. Katika uwanja wao kila mtoto alikuwa na baba anayesema. Papa amesema tusicheze barabarani. Papa amesema hivi, papa amesema vile. "Minye pia nilitaka papa mwenye kusema. Basi nikasema: wa kwangu amesema. Bakauliza amesema nini. Ikafaa nitafute." Akaanza na maneno madogo. Akakua nayo. Nilipozaliwa, na baba yangu alipokufa ningali mgongoni, alikuwa na miaka ishirini na mitatu na hakuwa na wa kumwuliza. "Nikamuuliza ule ule. Alikuwa ananijibu muzuri, Numbi. Kupita bapapa ya benzangu."

"Na treni?"

"Treni ni juu ya ile siku ulikuwa mudogo, ulikuwa unachelewa masomo."

Nilicheka huku nalia, na hasira yangu ikakosa mahali pa kukaa. Kisha nikakumbuka mawingu.

"Na shavu, Maman? Hilo nalo ulilitunga? Nahitaji kujua. Mvua inakuja."

Hapo aliniangalia. "Ile hapana. Ile niliona na macho. Nilikuwa na miaka kumi, nilikuwa nabeba matofari pa kichwa, pa four, pa tanuri za bantu, nilipe masomo. Mwezi wa saba, baridi kali. Shiye batoto tulikuwa tunaweka shavu pa four, tupate moto. Siku shavu haipati kitu, njo siku bakubwa banafungua. Kila fois. Bale bote ya haraka, matofari yao ililia ikipata upepo, ikapasuka."

Basi nikajua. Niliinuka nikalaza shavu langu pale alipokuwa amelilaza lake. Moto, kama kifua cha mtoto mwenye homa. Tukiingiza upepo huu wa baridi ndani, tutayapasua wenyewe. Tukiliacha bila kulifunika, mvua itayapasua kutoka juu. Nilimwuliza mshauri wangu, safari hii kwa sauti, naye alikuwa amekaa mbele yangu anapangusa vumbi miguuni.

"Maman, tufanye nini?"

Alifikiri. Hakusema Nkambo alisema. "Mabati," akasema.

Mabati ya paa letu yamekaa chini ya kitanda chetu tangu Pasaka. Nilikimbia kwa Papa Gauthier, nikamtoa kwenye dama akiwa anashinda, na hakutukana hata neno moja. Tuliyabeba mimi na yeye na Mama na Papa Ruffin mwenye nyumba, bado amevaa suti ya misa. Tukapigilia vigingi, tukayainamisha juu ya tanuri, tukaweka mawe. Tone la kwanza lilianguka Mama akiweka jiwe la mwisho. Tulisimama mvuani tukitazama tanuri letu likiwa na paa kabla ya wenye nyumba. Papa Ruffin akasema ana haki ya kualikwa siku ya kuhamia.

Nina furaha. Naiandika hivyo hivyo ilivyo.

Jumatano, 8 Oktoba

Shavu: moto kidogo. Bado.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama alilaza shavu. Mimi nikalaza. Papa Gauthier, ambaye alisema hajawahi kusikia mambo hayo, naye akalaza, na koti lake.

"Hakuna kitu," akasema.

Tumefungua. Rangi ya matofali ni ya ugali uliokolea mchuzi wa mawese. Papa Gauthier alichukua mawili akayagonganisha, yakalia kama kengele ya shule. Alinipa nami nigonge. Niligonga mpaka Mama akaniambia niache, nisije nikayavunja kwa furaha. Yaliyopasuka hayazidi thelathini. Tofali la S limetoka zima, herufi yake imekolea.

Jumatano, 15 Oktoba

Plamedie, ambaye sasa yuko darasa la tano, amenisimamisha uani. "Madame, hukunijibu." Nimemwambia wa kwangu ni muuza samaki wa soko la Kikula. Alinitazama akiona kama namtania, kisha akaniuliza kama huyo mama ana samaki wa kumpunguzia.

Jumamosi, 25 Oktoba

Kuta za vyumba viwili zimesimama, na mabati yanangoja kazi yaliyonunuliwa kuifanya. Bado ukuta wa mbele, mistari miwili juu ya mlango. Tutahamia Jumatano, siku mbili kabla ya tarehe ya Papa Ruffin. Pale palipokuwa kichuguu kuna shimo, na Mama anasema ni la ndizi.

Tofali la S nilikuwa nimeliweka kando, limefungwa kwenye kitenge. Nilitaka liwe juu ya mlango, lakini si likiwa na herufi ile. Asubuhi nilikaa chini na msumari nikajaribu kuifuta S niandike C, ya Clémentine, maana haki ni haki. Maneno yote yalikuwa yake. Tofali lililoiva halikubali msumari. Nilipata mkwaruzo mdogo mweupe tu.

Mama alinikuta hapo. Akalitazama tofali, akautazama msumari, akaelewa.

"Maman, ni wewe uliyejenga," nikamwambia. "Jina liwe lako."

Alilichukua mikononi, akalipangusa unga mweupe kwa kidole gumba.

"Acha jina yake," akasema. "Papa hakujengaka hata kitu kimoja. Ajenge hii."

Akapanda juu ya beseni lake la samaki lililogeuzwa, fundi anayetupangia kuta akamwekea udongo, na Mama akamlaza baba yake juu ya mlango wetu.